Sakafu ya Kuhesabu Watu

Magodoro mia moja na arobaini. Hayo ndiyo tuliyoyatandaza kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu siku ya kumsinga mwanangu Tunu kwa ajili ya harusi yake, na juu yake mikeka, na juu ya mikeka wanawake sitini na wawili waliokuja na udi wao, vijembe vyao na njaa zao. Ukiniuliza magodoro ya nini, nitakwambia kwamba katika Jengo la Kumi na Mbili sakafu ina akili kuliko mashemeji zangu wote.

Sakafu ile inahesabu. Ukikanyaga tu, imeshakujua: mmoja. Akija mwenzako, wawili. Kamera hamna, wakazi wa Guangzhou walizikataa zamani, wakasema nyumbani kwa mtu pasiwe na macho. Basi wachora ramani wakasema sawa, tutaweka nyayo. Chumba chenye watu wengi kuta zake zinasogea, kinapanuka, na jengo linakigeuzia jua. Nyumba ikikaa tupu siku kumi, kuta zinajikunja na nafasi anapewa mwingine. Na ukumbini mwisho watu ishirini. Akizidi mmoja, kamati ya wakazi inapanda na tabasamu na karatasi.

Ishirini! Mimi nikichemsha maharage tu wanakuja ishirini.

Zamani tuliishi kule chini, kijiji cha Dongtang, ambacho mji umekizunguka pande zote kikabaki katikati kama kokwa. Nyumba zake zimebanana mpaka unampa jirani mkono dirishani. Bibi Chen alikuwa ananipitishia tangawizi kwa dirisha, mimi nampa sambusa, na habari za mtaa mzima zinapita hapohapo. Halafu tukahamishiwa mnarani, hewa safi, jua la kupimwa, na kimya cha kaburi. Ndipo mimi, balozi wa Waswahili wa jengo hili, nikagundua kwamba sakafu haioni kitu juu ya godoro la sponji. Wageni sitini, sakafu inasema sifuri. Walinishangilia kama nimegundua umeme.

Siku ile ya singo ilinyesha tangu alfajiri, lakini nani anaahirisha singo kwa mvua? Somo wa Tunu, Bi Somoe, alikuwa ameshampaka liwa mpaka mtoto anang'aa kama sanamu. Kipaza sauti cha jengo alikuwa amekiziba kwa kanga mbili kisitusengenye kwa kamati. Simu zote zilikuwa kapuni, kama ada yetu ilivyo, bibi harusi asije akapigwa picha kichwa wazi zikasambazwa. Kapu lenyewe nililibeba mimi kupanda nalo nyumbani kwangu ghorofa ya tisa, maana sufuria la pili la pilau lilikuwa kule.

"Usikawie!" Bi Somoe alinipigia kelele. "Na usipitie ghorofa ya sita kumpelekea bwana wako kwanza!"

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Tunu akaficha uso kwa aibu. Nikawaacha wacheke. Ule uvumi niliulea mwenyewe, na nitakwambia kwa nini.

*

Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria pale jengo lilipotetemeka. Mara tatu, kwa mpigo, nyayo zikaniwasha. Kila anayeishi Jengo la Kumi na Mbili anajua maana yake: ghorofa za kunywa, pandeni juu. Jengo linataka kunywa.

Minara yetu imejengwa hivyo. Mto ukijaa, ghorofa ya pili mpaka ya sita zinajifunga, mabomba yanafunguka, na mafuriko yanawekwa humo badala ya kwenda kuzamisha watu wa mabondeni. Jengo linakunywa ghorofa tupu tu. Yenye mtu, hata mmoja, haliigusi.

Nikatabasamu nikijua sasa watapanda mbio, na sufuria lenyewe dogo. Kisha ule mwiko ukanitoka mkononi.

Magodoro. Mtetemo ule huko ukumbini umemezwa na magodoro. Kipaza sauti kina kanga. Simu sitini na mbili zinalia hapa, ndani ya kapu, miguuni pangu, zote kwa mpigo, zote zikisema pandeni juu. Na sakafu ya ukumbi inaliambia jengo: sifuri.

Lifti ilikuwa imekatwa. Nilipanda ngazi za ghorofa ya kumi, kwenye chumba cha injinia wa jengo, kwa magoti na mikono.

*

"Mama Tunu! Shikamoo. Rudi ndani, leo si siku ya kuleta pilau."

Huyo ni Injinia Luo Meilan. Usishangae Kiswahili chake. Amekulia Temeke, baba yake akijenga barabara, na matusi ya pale anayajua yote. Bibi yake ndiye aliyechora minara hii. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta wa kioo ambao juu yake jengo zima limechorwa, ghorofa juu ya ghorofa, na kila mtu ni nukta ya manjano.

"Zuia ghorofa ya tatu," nilimwambia. "Kuna watu."

Akatazama. "Ukumbi sifuri."

"Sakafu tumeidanganya, Meilan! Kuna magodoro! Wanawake sitini na wawili wako mle! Tunu yuko mle!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukikauka vile. Hakuniuliza mara mbili. Mkono wake ulikimbilia kioo, akagusa ghorofa ya tatu, na pale pale mchoro mwingine ukawaka chini: kijiji cha Dongtang, bluu ikipanda. Mkono wake ukasimama.

"Milango?" nilisema. "Fungua milango tu, watoke."

"Maji yameshaingia, yanaibana. Mpaka yateremke haifunguki." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Ya pili imejaa, ya nne imejaa, ya tano imejaa. Imebaki ya tatu. Dakika tisa inafika dari. Nikiizuia, Mama Tunu, maji yale yale yanamwagika Dongtang. Watu mia nne wako kwenye jumba la mizimu yao, wale wazee wote. Wamejikusanya pale kwa sababu sisi tumewaambia jengo litakunywa."

Bibi Chen. Na mumewe asiyeona. Na yule mtengeneza viatu anayeniita dada mkubwa.

"Na watu hawapigi hata simu huko ukumbini?" aliuliza.

Nikamwonyesha kapu. Nililibeba mpaka kule bila kujua.

Luo akapiga ngumi kwenye kioo. "Bibi yangu alisema usishindane na maji, yape chumba. Sasa chumba nikitoe wapi? Nipe chumba kimoja!"

Nikatazama ule mchoro. Ghorofa ya sita ilikuwa imemulikwa na nukta kumi na moja, zinazunguka taratibu, kila moja nyumbani kwake.

"Ya sita," nilisema. "Ya sita nipe."

"Ya sita ina watu kumi na mmoja. Wamekataa kupanda."

"Si watu."

*

Hapa ndipo nikavuliwa nguo. Watu wetu ni wa biashara. Mtu anaondoka na makontena yake Tanga au Mombasa, anakaa miezi. Siku kumi tu nyumba yake inajikunja. Basi mimi balozi nikawatafutia dawa: vikorokoro vya umeme vya kubebea mizigo, kimoja kila nyumba, nikavifunga miguu ya mpira na kilo sitini za mchanga, vikawa vinazunguka chumbani mchana kutwa. Tuliviita watembezi. Chini nimeficha watu waliopo, juu nimeweka watu wasiokuwepo. Na vyote vinazimwa kwa simu yangu.

"Vizime," alisema Luo. "Sakafu ikisoma sifuri, mabomba yanahamia ya sita yenyewe. Ya tatu inashuka. Harakisha."

"Mia sita na mbili, Shebughe," nilisema, nikabonyeza. "Yuko Tanga, mkewe amejifungua." Nukta ikazimika. Kumi. "Mia sita na nne, Akida. Huyo anasema yuko Nairobi kikazi, kumbe anaoa." Tisa. Habari zilikuwa zinatoka zenyewe, maana ndivyo zilivyokaa kichwani mwangu. Sikuwa na daftari jingine la nani yupo na nani hayupo. Serikali ilikuwa na sakafu. Mimi nilikuwa na umbea, na umbea ndio uliokuwa sahihi. Nane. Saba.

Kwenye sita nikakumbuka. Hapana, nisiseme uongo. Nilikumbuka tangu mwanzo, tangu niliposema "ya sita nipe." Kwenye sita ndipo nilipokubali kwamba nimekumbuka.

Nikampa Luo mgongo, nikapiga simu.

"Mama," alipokea Mbaruku. "Jengo limetetemeka. Kuna nini?"

Mbaruku ni mtu wa Pangani, fundi. Miaka mitatu iliyopita alianguka kwenye kiunzi cha mnara wa jirani, uti wa mgongo ukakatika. Hana karatasi hata moja. Angekwenda hospitali angerudishwa kwa ndege akiwa amelala, kwa mama ambaye anamtegemea yeye. Nikamweka mia sita na tisa, nyuma ya mtembezi. Nikampelekea chakula kila siku, na watu walipoanza kunong'ona kwamba Mama Tunu ana bwana ghorofa ya sita, nikacheka, nikapaka wanja, nikawaacha wanong'one. Mtu anayedhaniwa hawara hakuna anayemwuliza karatasi.

Naye alilala kwenye godoro la sponji. Jengo halikuwahi kumjua.

"Mbaruku," nilinong'ona. "Maji."

"Yanakuja huku?"

Nyuma yangu Luo alikuwa anasoma: "Dakika sita. Mama Tunu, endelea."

Nikabonyeza. Tano.

"Ukumbini wamo kina Tunu," nilimwambia. "Sitini. Mlango haufunguki."

Nikamsikia akipumua. Alikuwa anampenda Tunu kama dadake, ingawa Tunu hakujua kwamba yumo humu. Ndiye aliyemchongea kile kibao cha mbuzi cha harusi, akiwa amelala chali.

"Nipandishe basi," alisema. "Njoo na watu wawili mnibebe. Dakika ngapi?"

Kutoka ghorofa ya sita mpaka ya saba, mtu wa kilo themanini mwenye miguu iliyopooza, ngazi zile nyembamba: tulijaribu mara moja, usiku wa Idi, wanaume wanne niliowaapisha wasiseme, robo saa. Hapa tulikuwa wanawake wawili. Na mlango wa ghorofa ukifunguliwa, jengo linasubiri, na ya tatu inaendelea kujaa.

"Hazitoshi," nilisema.

"Mama."

"Hazitoshi, mwanangu."

Nne. Tatu. Nilikuwa ninabonyeza huku ninazungumza naye, Mungu ananiona, kidole kimoja kwake na kimoja huku.

Sauti yake ikabadilika. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya fundi anayebishana na msimamizi. "Sikiliza. Sakafu ya ghorofa hii nimeitandika mimi. Kila kigae. Jengo haliwezi kunywa palipo na mtu, nilishaona likijaribiwa, lilimkataa paka. Nashuka hapa godoroni. Mimi ni mtu, Mama. Itanihesabu."

"Mbaruku, usi..."

Nikasikia kishindo. Nikasikia akivuta pumzi kwa meno. Kisha mkwaruzo wa viganja juu ya kigae.

Mbili. Moja. Mtembezi huyo mmoja wa mwisho alikuwa wa mia sita na tisa yenyewe. Nikamzima.

"Imebaki moja," alisema Luo.

*

Nukta moja ya manjano, mia sita na tisa. Ilikuwa inakwenda. Kidogo, ikasimama. Kidogo tena.

"Umezima wote?"

"Wote."

"Basi hii ni nini?"

Chini yake bluu ya ghorofa ya tatu ilikuwa imepita nusu. Nilimjua Tunu, hajui kuogelea, na kimo chake amerithi kwangu. Na Bi Somoe ana pumu.

Luo akainamia kioo. "Sheria inaruhusu kukosea kwa mmoja. Bibi yangu aliiweka, kwa sababu sakafu inaweza kudanganywa na kabati lililoanguka. Injinia anaweza kuifuta nukta moja, moja tu, kwa mkono wake. Lakini lazima mkazi anayeijua nyumba ashuhudie kwa sauti kwamba si mtu. Inarekodiwa." Akanigeukia. "Mama Tunu. Mia sita na tisa. Ni mashine au ni mtu?"

Simu ilikuwa sikioni. Mkwaruzo, pumzi. Mkwaruzo, pumzi. "Imeniona?" alikuwa anauliza. "Mama, angalia hapo, imeniona?"

Maisha yangu yote nimeongea. Nimeongea misibani, nimeongea harusini, nimeongea na watu ambao sijui lugha yao. Neno halijawahi kunikosa. Pale nililitafuta, na yaliyokuwepo yalikuwa mawili tu, na kila moja lilikuwa na maiti ndani.

Ningesema mtu, Luo asingegusa. Namjua. Angechagua kati ya Tunu na Bibi Chen, na angeishi na hilo, na mimi ningeweza kusema nilisema kweli.

"Ni mashine," nilisema. "Imekwama. Mguu mmoja umekatika."

Luo akanitazama. Akatazama ile nukta, ikasogea kidogo, ikasimama. Akaweka kiganja chake juu yake. Alipokiondoa, palikuwa peusi.

Mabomba yakanguruma ndani ya kuta.

*

Walipanda wote sitini na wawili, Tunu akiwemo, wamelowa mpaka kope. Mle ukumbini walikuwa wamesimama juu ya meza, wamembeba Tunu mabegani, liwa imemtoka yote. Maji yalikuwa yamefika videvuni. Wakajaa nyumbani kwangu ghorofa ya tisa, wengine wanalia, wengine wanaimba ule wimbo wa singo ulioishia katikati, kuta zikasogea, zikasogea tena, nyumba ikapanuka kama haijawahi. Nilikuwa nimeng'oa zulia na mikeka. Kwenye kibao cha mlangoni namba ikapanda bila aibu: sitini na tatu.

"Mama, watatuona," alisema Tunu.

"Waache watuone."

Kila mmoja akachukua simu yake kapuni. Bibi Chen akampigia Tunu akilia, akisema maji yameishia vizingitini, kijiji kimebaki kikavu. Kibao kikasoma sitini na nne. Injinia Luo alikuwa amesimama mlangoni, hakuvua viatu. Nikamfuata nje.

"Nimetuma taarifa," alisema. "Ghorofa ya sita, sifuri. Kosa lililoruhusiwa, moja."

"Ahsante, Meilan."

"Usinishukuru." Alikuwa anatazama kiganja chake. "Mashine haitambai, Mama Tunu. Inazunguka. Nimeitazama ile nukta dakika nzima. Nilijua."

"Ulijua, ukaniuliza?"

"Nilitaka tuwe wawili."

Akashuka ngazi. Nikarudi ndani, ndani ya ule moshi wa udi na makelele niliyoyatamani tangu tuhamie mnarani. Simu yangu ilikuwa bado mkononi. Sikuwa nimeikata. Hakuna aliyeikata.

Bi Somoe alikuwa ameketi juu ya jiko langu, amejifunga shuka, pumu imemwachia, sahani ya tatu mapajani. Aliniona, akacheka kwa sauti yake ile ya kuamsha mtaa.

"Jamani mwoneni, anang'ang'ania simu! Mwambie huyo bwana wako wa ghorofa ya sita apande leo tumjue. Pilau limebaki!"

Nyumba nzima ikacheka. Mpaka Tunu alicheka.

Nikachukua sahani. Nikapakua, nikaweka nyama ile ya mbavu anayoipenda, na ndizi moja pembeni. Nikaifunika kwa kawa, kama kila siku.